Foleni haipungui: tuongeze leni ya nne au tulipatie basi leni yake?

Leni_Tatu aliuliza:

Wakuu, tuchukulie barabara ya mjini yenye leni tatu kila upande, asubuhi na jioni imefunga. Kambi moja inataka leni ya nne. Nyingine inataka leni moja kati ya hizo tatu wapewe mabasi peke yao. Mimi kinachonitatiza ni hiki: tatu tayari zimejaa, ukinyofoa moja si ndiyo unatuua kabisa? Halafu nani ataacha gari lake nyumbani akasubiri basi asilojua litafika saa ngapi? Mwenye hesabu aweke hesabu, siasa tunazo za kutosha.

Mtu wa Mataa:

Mkuu, anza na kuhesabu watu, achana na magari. Leni moja ikiwa na taa ya kijani muda wote hupitisha magari kama 1,800 kwa saa. Mjini taa hugawana, kwa hiyo chukua nusu: 900. Gari binafsi asubuhi hubeba wastani wa mtu mmoja na kidogo, tuseme 1.3. Kwa hiyo leni tatu zako zinapitisha watu kama 3,500 kwa saa.

Sasa toa moja. Mbili zilizobaki zinapitisha watu 2,340. Ile ya mabasi ikipata basi moja kila dakika, kila basi watu 70, hao ni 4,200. Jumla 6,540 kwa lami ileile.

Ila sitakudanganya: ukipitisha mabasi 10 tu kwa saa, watu ni 700, na leni ya magari ilikuwa inabeba 1,170. Hapo umepata hasara. Mlingano unakuja kwenye mabasi 17 hivi. Chini ya hapo usigombee leni nzima. Chukua mita mia moja za mwisho kabla ya mataa, ambako ndiko basi hupoteza muda, uzipe basi.

Na mjiandae kwa kelele. Leni yenye basi kila dakika huonekana tupu karibu muda wote, na aliyekwama pembeni ataapa kwamba haina kazi.

Kuhusu leni ya nne: mchumi wa Marekani, Anthony Downs, alilieleza mwaka 1962. Barabara kuu ikipanuliwa, waliokuwa wanawahi alfajiri wanarudi saa mbili, waliokuwa wanapita njia za uchochoroni wanarudi barabarani, na waliokuwa wanapanda basi wanawasha magari. Houston, Marekani, walimaliza kupanua barabara kuu ya I-10 mwaka 2008, sehemu nyingine zina leni zaidi ya 20 ukijumlisha na zile za pembeni. Miaka michache baadaye muda wa safari saa za msongamano ulikuwa unapanda tena.

Ratiba Kwanza:

Swali la pili la mleta mada ndilo gumu zaidi, na hapo ndipo miradi mingi hufia. Mtu haachi gari kwa sababu basi lipo. Anaacha kwa sababu halazimiki kuliwaza.

Mabasi yakipita kila dakika 10 kwa nafasi sawa, wastani wa kusubiri ni dakika 5. Mawili yakija yamefuatana, kisha dakika 20 kimya, idadi ya mabasi ni ileile lakini wastani unakuwa 10. Na kufuatana huko si uzembe wa dereva. Basi lililochelewa kidogo linakuta abiria wengi zaidi kituoni, linachelewa zaidi. La nyuma linakuta wachache, linalifikia.

Dawa iko mlangoni. Abiria 40 wakilipia kwa dereva, sekunde 5 kila mmoja, basi limesimama zaidi ya dakika tatu. Wakiwa wamelipa kabla na milango mitatu ikafunguliwa, sekunde 2 kila mmoja, ni nusu dakika. Vituo navyo viachane mita 400 hadi 500, si kila kona.

Leni huzaa mabasi pia. Mzunguko wa basi, yaani kwenda na kurudi, ukiwa dakika 90, kupata basi kila dakika 10 kunadai mabasi 9. Leni ikishusha mzunguko hadi 60, mabasi hayohayo 9 yanapita karibu kila dakika 7. Dereva hujaongeza hata mmoja.

Mwenye Mzigo:

Hesabu nimezikubali, lakini mnasahau fundi mwenye vifaa, mgonjwa, na anayetoka kazini usiku wa manane. Hao gari litabaki. Msiwapige wote kwa fimbo moja.

Ratiba Kwanza:

@Mwenye Mzigo sawa kabisa, na ndiyo maana ni bora kuanza na maegesho. Gari moja likiegeshwa, ukiweka na nafasi ya kugeuzia, linakula mita za mraba 25 hadi 30 kutwa nzima. Donald Shoup, profesa wa Marekani aliyechambua maegesho, alishauri bei ya maegesho ya barabarani ipangwe hadi nafasi kama 15 katika 100 zibaki wazi. Fundi anapata pa kushushia vifaa. Anayeegesha saa tisa mfululizo ndiye anayefikiria upya.

Leni_Tatu:

Nimeelewa. Leni ya mabasi inaharibikia wapi hasa?

Mtu wa Mataa:

Makutano. Mara nyingi wapangaji huikata leni kabla ya mataa ili magari yanayokunja yapate nafasi, kwa hiyo basi linarudi foleni mahali palepale lilipopaswa kuikwepa. Magari yanayokunja yapewe kipande kifupi na taa yake.

Kituo kiwekwe baada ya mataa. Kikiwa kabla, taa iliyotegwa kulipa basi kipaumbele inaongeza kijani kulisubiri, kumbe basi bado linapakia, na kijani chote kinakwenda bure.

Rangi peke yake haizuii mtu kuegesha. Weka ukingo wa zege, uache mianya ya gari la wagonjwa na zimamoto. Na kabla ya kubishana na yeyote, simamisha watu wawili pembeni Jumanne hadi Alhamisi, saa moja hadi saa tatu asubuhi: mmoja ahesabu vichwa ndani ya mabasi, mwingine ndani ya magari.