Wakwe wamekodi nyumba Charco del Palo, kijiji cha watu wasiovaa nguo. Nitakaaje huko?

Binti wa Chumbageni ameuliza:

Asalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote. Naleta jambo hili hapa kwa kuwa nyumbani Tanga sina ninayeweza kumweleza.

Nimeolewa na Mjerumani, huu ni mwaka wa nne, tunaishi Hannover. Bavyaa ana miaka 71, mavyaa 68. Wote wamekulia upande wa mashariki, karibu na Bahari ya Baltiki, ambako tangu enzi za DDR, ile Ujerumani Mashariki ya zamani, watu wa rika zote huoga baharini bila nguo na hakuna anayeshtuka. Wenyewe huita FKK. Kila Februari huenda Lanzarote, kisiwa cha Hispania, na safari hii wanatimiza miaka 45 ya ndoa, kwa hiyo wamelipia nyumba mbili zinazopakana, yao na yetu, pale Charco del Palo. Mavyaa alinipa bahasha ya tiketi siku ya Krismasi, akanikumbatia na machozi yakamtoka. Anapenda tuwe pamoja. Nilipopasuliwa mwaka juzi ni yeye aliyelala kitini hospitalini siku tatu, akinipangusa jasho.

Usiku ule nikaangalia kwenye simu hicho Charco del Palo ni nini, usingizi ukaniruka.

Wazungu walio uchi ufukweni nimeshawaona, hilo halinitishi. Linalonisumbua ni bavyaa. Nimelelewa kumpisha baba mkwe njiani, na akibisha hodi najitanda kanga ya pili kabla sijafungua mlango. Sasa nitakaaje wiki nzima, asubuhi nimwone anakwenda kununua mkate hivyo alivyozaliwa, halafu jioni nimwandalie chai? Mume wangu anasema, "Wewe vaa tu." Lakini yeye hajui uzito wake.

Naomba aliyewahi kufika aniambie: je, kuvua ni lazima? Nyumba zenyewe zikoje, mtu ana pa kujisitiri? Na kuna mahali karibu ninapoweza kuogelea na nguo zangu? Nisingependa kumvunja moyo yule mama.

Dada wa Kisauni amejibu:

Wa aleikum salaam mwanangu. Swali lako limenigusa, maana nimefanya kazi ya usafi kwenye nyumba za likizo za kijiji hichohicho misimu mitatu ya baridi, mimi mwanamke wa Mombasa mwenye mtandio kichwani. Nitakueleza nilichokiona kwa macho yangu.

Kwanza, kuvua si lazima. Charco del Palo ni kijiji cha kawaida, kiko chini ya halmashauri ya Haría, upande wa kaskazini mashariki wa kisiwa. Mjerumani mmoja, Gregor Kaiser, ndiye aliyekianzisha miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wa FKK, na mpaka leo mtu anaweza kutembea barabarani bila nguo, akaingia dukani, akarudi kwake. Lakini barabara ni ya umma. Nilipita pale kila asubuhi na dera langu na ndoo mkononi, wakanisalimu "buenos días" na "guten Morgen", basi. Sheria ya Hispania nayo iko hivyo: tangu 1988 kuwa uchi hadharani peke yake si kosa la jinai nchini kote, ingawa miji mingine imejiwekea kanuni zake. Sheria inamruhusu anayevua, haimlazimishi anayevaa.

Pa kuangalia ni bwawa. Baadhi ya majengo yana bwawa la kuogelea la wapangaji, na wenye jengo wengine hawataki nguo za kuogelea humo. Mahali pamoja nilipofanya kazi, meneja alimtoa bwawani mama mmoja aliyejifunga taulo, mbele za watu. Yule mama alirudi chumbani analia, na mimi ndiye niliyemkuta. Kwa hiyo kabla hamjaondoka, mume wako awaandikie wenye nyumba aulize waziwazi: bwawani nguo zinaruhusiwa au la? Na kama bwawa ni la nyumba zenu mbili tu, mpangiane saa.

Pili, nyumba. Nyingi ni za ghorofa moja, nyeupe, zimejengwa zikitazama bahari, na kila moja ina kibaraza chake cha kuotea jua. Hapo ndipo pana siri ya stara. Vibaraza vingine vimezungushiwa ukuta wa mawe meusi unaofika kifuani au zaidi, kwa sababu ya upepo, na ukikaa ndani hakuna anayekuona wala wewe humwoni mtu. Vingine viko wazi, jirani anakula uji unamwona. Ombeni picha ya kibaraza, msiridhike na picha ya kitanda. Na kama nyumba zenu zinapakana, ulizeni kama kibaraza ni kimoja kwa nyumba zote mbili. Kwangu mimi hilo ndilo swali kubwa kuliko yote uliyouliza.

Tatu, bahari. Usitarajie ufuko kama wa Pangani. Pale ni miamba ya volkano, myeusi, mikali, na watu huingia majini kwa ngazi za chuma au huoga kwenye madimbwi ya mwambani ambayo bahari huyajaza. Hata hilo neno charco maana yake ni dimbwi. Chukua viatu vya kuogelea vyenye soli. Maji yakijaa na mawimbi yakiwa makubwa usisogee ukingoni, nimeona mtu mzima akiburutwa juu ya mwamba, mgongo wote ukachunika.

Ukitaka kuogelea na nguo zako kwa amani, nenda Arrieta, dakika kumi kwa gari. Kuna ufuko wa mchanga unaitwa La Garita, watu wa kisiwa wenyewe huenda huko na wajukuu zao. Órzola, mbele zaidi, kuna Caletón Blanco, mchanga mweupe katikati ya mawe meusi, maji ya kina kifupi. Pale nilikuwa naenda kila Jumapili, nakaa mpaka jua linazama. Msipokuwa na gari, basi la kutoka Arrecife, mji mkuu wa kisiwa, kwenda Órzola hupita Mala, kijiji jirani, ila kutoka kijijini hadi Mala ni mwendo wa miguu wa zaidi ya nusu saa, juani, hakuna mti. Kodini gari.

Na adabu za pale zipo, tena kali. Kila mtu hutembea na taulo lake na hakai kwenye kiti chochote bila kulitandika. Hakuna kupiga picha watu. Hakuna kumkodolea mtu macho. Jioni mkahawani wengi huvaa, kwa sababu ya baridi na kwa heshima ya meza. Bavyaa wako, akiwa mtu wa FKK wa siku zote, anazijua adabu hizi kuliko mimi. Watu wa namna yake hutazama usoni wakizungumza nawe. Ilinichukua mwezi mmoja kuamini hivyo.

Msafiri wa Ujiji amejibu:

Mimi nitasema kwa ufupi. Usiende. Kuna mambo mtu hatakiwi kuyatafutia njia. Mwambie mume wako wazi kwamba dini yako na malezi yako hayaruhusu kumtazama mzazi wake katika hali hiyo, hata kama wewe umevaa mabuibui matatu. Kuvaa kwako hakufuti ulichokiona. Wakikupenda kweli wataelewa, na sherehe ya ndoa yao mtaifanya Hannover. Nasema hivi kama kaka, sina nia ya kukuhukumu.

Nyambura wa Utrecht amejibu:

Kaka wa Ujiji nakuheshimu, lakini acha nami niseme langu, kwa sababu mimi huenda fukwe hizi kwa hiari yangu.

Niliungua nikiwa mdogo, uji wa moto, kovu linaanzia begani na kushuka hadi kiunoni. Shuleni Nyeri sikuwahi kuoga na wenzangu. Hata nikiwa mtu mzima, fukwe za kawaida zilinishinda: ukivaa nguo ya kuogelea watu wanaliona kovu linachungulia, wanauliza limefika wapi. Rafiki mmoja akanipeleka Fuerteventura, kisiwa jirani na Lanzarote, kwenye vilima vya mchanga vya Corralejo, ambako wenye nguo na wasio na nguo hukaa pamoja. Nilikaa saa mbili na leso yangu. Kisha nikaitoa. Jirani yangu alikuwa bibi mwenye titi moja, anasoma gazeti. Akaniomba nimpake mafuta ya jua mgongoni kwa sababu mkono haufiki, nikampaka, akarudi kwenye gazeti lake. Mwili wangu haukuwa habari kwa mtu yeyote siku ile. Sijui kama nimeeleza vizuri, lakini nililala usingizi ambao sikuwa nimelala kwa miaka.

Simshauri Binti avue. Mbele ya baba mkwe hata mimi nisingevua, kwetu Wagikuyu pia ni mwiko. Nasema tu kwamba kule hakuna uchafu ambao watu wa nyumbani hudhani upo. Jambo moja ujiandae nalo: huenda ukawa Mwafrika peke yako, na umevaa, kwa hiyo siku ya kwanza macho yatakufuata kidogo. Yakizidi, mwangalie mtu usoni umsalimu kwa sauti.

Na paka mafuta ya jua, dada. Upepo wa pale unakudanganya kwamba jua si kali. Ngozi yetu nayo huungua.

Nahodha wa Jambiani amejibu:

Natembeza wageni Unguja mwaka wa kumi na mbili sasa. Kila msimu kuna anayeniuliza ufuko wa kuota jua bila nguo uko wapi. Jibu langu ni lilelile: hapa haupo, na ni kosa. Mwaka 2021 serikali ilitangaza faini kwa wageni wanaovaa isivyostahili, na hata kabla ya hapo tulikuwa tukiwaomba wafunike mabega na magoti wakipita vijijini, kwa sababu ufuko wetu ndio njia ya akina mama wanaokwenda kwenye mwani na watoto wanaotoka chuoni.

Sasa naona kisa chako ni hikihiki kimegeuzwa. Mimi mgeni wangu akinisikiliza na kujifunga kanga, namheshimu maisha yangu yote. Wewe huko ndiye mgeni, lakini kijiji chao hakikuombi uvue kama sisi tunavyoomba wao wavae. Una nafasi kubwa kuliko wanayopata wageni wangu. Itumie. Zungumza na mavyaa wako mwenyewe, usimtume mumeo, na umwambie kabla ya safari. Wageni wanaonipa taabu ni wale wanaonyamaza mpaka tumeshafika ufukoni.

Binti wa Chumbageni amerudi:

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Ahsanteni. Kaka wa Ujiji, maneno yako nimeyachukua kwa uzito, nimeyalalia siku mbili.

Jumapili nilimwendea mavyaa jikoni kwake, tukiwa wawili tu, tunamenya viazi. Nikamweleza habari ya kanga ya pili. Nikamweleza kwamba kwetu mkwe ni mtu wa kusitiriwa, na kwamba kumwona bavyaa hivyo kungekuwa kama mimi ndiye ninayemvunjia heshima, si yeye anayenivunjia. Aliweka kisu chini. Akasema hakuwahi kufikiri kwamba kumtazama mtu kunaweza kuwa mzigo wa anayetazama. Kisha akamwita mzee. Nilitamani ardhi inimeze, lakini mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nina suruali fupi nne. Zitanitosha wiki."

Nilitokwa na machozi, siwafichi. Si kwa sababu ya suruali. Ni kwamba yule mzee amekwenda pale miaka yote kwa ajili ya uhuru ule, na ameusogeza kando bila kuniuliza mara ya pili. Nikamwambia hapana, madimbwini aende kama kawaida yake, mimi saa hizo nitakuwa Arrieta. Karibu na nyumba na mezani ndiyo avae. Tumekubaliana hivyo.

Mume wangu ameandika. Vibaraza ni viwili, kila kimoja kina ukuta wake, na bwawa halipo. Dada wa Kisauni, swali lako limetuokoa, sikuwa nimelifikiria kabisa.

Mawili ya mwisho: Februari baridi ikoje, na je, naweza kupika wali wa nazi kule? Nataka sherehe ya miaka 45 niwapikie mimi.

Dada wa Kisauni amejibu:

Mwanangu, nimefurahi mpaka nimempigia dada yangu simu kumsimulia, bila kutaja mji wako.

Februari mchana ni kama nyuzi 20 au 21, usiku inashuka, na upepo unatoka kaskazini mashariki karibu kila siku, mfikirie kaskazi wetu lakini wa baridi. Chukua sweta na koti la upepo. Bahari ni baridi kwa mtu wa Tanga, ingia taratibu.

Siku ya upepo mkali msikae ndani. Mpeleke mavyaa Guatiza kwenye bustani ya mipungate aliyoibuni msanii César Manrique, ni jirani kabisa. Huko njiani, Mala na Guatiza, utaona mashamba ya mipungate yenye unga mweupe juu yake. Ule unga ni vijidudu. Vikikaushwa na kusagwa hutoa rangi nyekundu, na watu wa pale waliishi kwa zao hilo kabla ya watalii. Muulize mkulima akupondee kimoja kiganjani uone, wanapenda kuulizwa.

Wali utapika. Mchele upo dukani kijijini, ila tui beba la kopo kutoka Hannover, makopo matatu. Iliki na mdalasini pia beba. Samaki nunua Arrieta asubuhi. Maji ya bomba kule ni ya bahari yaliyochujwa chumvi, yanafaa kuoshea mchele, lakini mimi wali wangu nilikuwa napikia ya chupa, ladha yake ni nyingine.