Mbaazi kwenda India: nini hasa hukwamisha mzigo?

Mkorosho:
Wakuu, habari za kazi. Tunanunua mbaazi mnadani Lindi na Mtwara, tani 48, kontena mbili za futi 20, zishuke Nhava Sheva, bandari iliyo karibu na Mumbai. Mzigo hukwama wapi zaidi? Na kijana wetu wa ghala anaweza kupata mafunzo India?

BandariSalama:
Mkuu, anza na ufukizaji, yaani kuua wadudu kwa gesi, hapo ndipo wengi huumia. India wanataka methili bromaidi, na cheti cha usafi wa mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, kitaje dawa, kipimo, muda na joto. Kipimo kilichozoeleka ni gramu 32 kwa kila mita ya ujazo, saa 24, joto nyuzi 21 au zaidi. Ukipuliza fosfini, gesi nyingine ya kuua wadudu, peke yake, mzigo huenda ukafukizwa upya kule kwa gharama yako, na faini juu. Gesi haipenyi plastiki, kwa hiyo magunia yasiwe na mfuko wa nailoni ndani, na acha nafasi kati ya magunia na paa la kontena.

Namba ya kontena, uzito na jina la mpokeaji vifanane herufi kwa herufi kwenye kila hati. Chukua pia cheti cha uasili, kinachothibitisha mzigo umetoka Tanzania, cha mpango wa nafuu ya ushuru ambao India iliuanzisha 2008 kwa nchi zenye maendeleo duni. Msamaha wa jumla wa ushuru wa mbaazi hutolewa kwa vipindi, usiutegemee peke yake.

Kunde Kavu:
Naongeza suala la unyevu wa mbaazi. Usizidi asilimia 12, upimwe siku ya kupakia, siyo siku ya mnada. Mbaazi zisizokauka vizuri hutoa jasho baharini, matone yanadondoka toka paa na gunia za juu zinaota ukungu. Tandika karatasi nzito na utundike mifuko ya kunyonya unyevu.

Halafu kalenda. Mbaazi za India zenyewe huanza kuingia sokoni Desemba, na bei hushuka. Tena kumbuka Agosti 2017: India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka, na bei huku kwetu ikaporomoka. Mlango ulifunguliwa tena Mei 2021. Kabla ya kutoa bei mnadani, soma tangazo la biashara ya nje la India lililo hai siku hiyo. Tafadhali msilipuuze hili, wanaoumia ni wakulima.

Mkorosho:
Asante sana. Na mafunzo?

BandariSalama:
Tafuta ITEC, mpango wa serikali ya India wa kufundisha watu wa nchi nyingine, tangu 1964. Kozi fupi, wao hulipa nauli, malazi na ada. Umri kwa kawaida miaka 25 hadi 45. Anajaza fomu mtandaoni, anaichapa, mwajiri anaidhinisha, kisha inakwenda ubalozini. Wengi huachwa kwa sababu fomu imebaki mtandaoni tu.

Mkorosho:
Kijana ana miaka 24.

BandariSalama:
Basi aandae pasipoti na barua ya kazi sasa, aombe mwakani.