Bruce Lee alikuwa mpiganaji wa kweli au stelingi tu? Tuliongee bila ushabiki

Wakuu, habari za wakati huu.

Ubishi huu hauishi. Kila likitajwa jina la Bruce Lee wanajitokeza watu wa aina mbili. Wapo wanaosema hajawahi kuzaliwa binadamu wa kumgusa, na kwamba Mike Tyson pamoja na mabingwa wote wa UFC, yale mashindano ya mapigano mchanganyiko, angewalaza kabla jasho halijamtoka. Na wapo wanaosema jamaa alikuwa mcheza sinema, hana hata pambano moja la kulipwa, aliwapiga watu waliolipwa ili waanguke.

Mimi nimekulia kwenye karate, na hoja hizi zimenichosha zote mbili. Msimamo wangu ni huu: Bruce Lee hakuwa bingwa wa ulingoni na tusimtungie ubingwa. Lakini alikuwa mpiganaji, na kikubwa zaidi alikuwa mwalimu aliyeona mapema kuliko wenzake wengi jinsi mtu anavyopaswa kufundishwa kupigana.

Nianze na wanaompamba. Ile video anayocheza tenisi ya meza kwa nanchaku (vijiti viwili vilivyounganishwa kwa mnyororo), ambayo kila mwaka inarushwa upya kama ushahidi, ni tangazo la simu za Nokia la mwaka 2008. Bruce Lee alifariki tarehe 20 Julai 1973. Mnayemwona pale ni mwigizaji aliyefananishwa naye, na mpira wenyewe umechorwa kwa kompyuta. Mtu aliyefanya makubwa ya kweli hana haja ya kubebwa na tangazo la simu.

Mashindano yake yanayojulikana ni machache mno. Mwaka 1958 akiwa mwanafunzi Hong Kong aliingia ndondi za shule na kumshinda Gary Elms. Mwaka huohuo akawa bingwa wa kucheza cha-cha, na hilo msilicheke, maana miguu yake ile mnayoisifia ilipita huko pia. Aprili 1959 akapanda meli kwenda Marekani, alikozaliwa mwaka 1940, San Francisco, baba yake alipokuwa ziarani na kundi la opera ya Kikantoni. Alikuwa na uzito wa kilo sitini na kidogo tu. Kumsimamisha mbele ya Tyson ni kumvunjia heshima mmoja wao, sijui yupi.

Sasa wale wa "mcheza sinema tu". Hapa naomba mnisikilize vizuri.

Mwishoni mwa 1964, kule Oakland, Bruce Lee alipigana na Wong Jack Man, mwalimu wa kung fu wa mtindo wa kaskazini mwa China. Hakukuwa na kamera wala mwamuzi, walikuwepo watu wachache tu ndani ya chuo cha Lee. Linda, mke wake, alikuwepo akiwa mjamzito, na anasema pambano lilichukua kama dakika tatu, Wong akakimbizwa mpaka akakubali yaishe. Wong na watu wa upande wake wakasema zilipita dakika zaidi ya 20 na hakuna aliyeshindwa. Hata chanzo cha ugomvi kina matoleo mawili: Linda anasema Wachina wa San Francisco hawakutaka Lee afundishe watu wasio Wachina, wengine wanasema ni majigambo yake Lee jukwaani ndiyo yaliyowaudhi. Mtu anayeapa kwamba anajua nani alishinda anajifurahisha.

Ila kuna jambo ambalo kwangu ni zito kuliko ushindi. Kwa maelezo ya Linda huyohuyo, mumewe aliketi baada ya pambano akiwa hoi, hana furaha. Alikuwa amechoka mapema kuliko alivyotarajia, na Wing Chun, mtindo wa kung fu aliofundishwa na mwalimu wake Ip Man, wa kusimama karibu na kupiga mfululizo, haukumsaidia mbele ya mtu anayekimbia. Wangapi kati yetu tungeshinda kisha tukaanza kubomoa mtindo wetu wenyewe? Yeye alibomoa. Akaanza kukimbia barabarani, kunyanyua vyuma, kusoma vitabu vya ndondi na kutazama kanda za Muhammad Ali. Mwendo wa miguu akauchukua kwenye mchezo wa Kizungu wa kupigana kwa vitara (fencing). Kwenye seti ya The Green Hornet, tamthilia ya televisheni ya Marekani aliyoigiza, akakutana na Gene LeBell, mtu wa judo na mieleka, wakawa wanabadilishana ujuzi. Mwaka 1967 mfumo wake ukapata jina, Jeet Kune Do.

Na wanafunzi wake hawakuwa waigizaji peke yao. Joe Lewis, bingwa wa karate wa uzito wa juu, alikwenda kwake kuchukua masomo ya binafsi, na mwaka 1970 ndiye aliyekuwa bingwa wa kwanza wa kikiboksi Marekani. Lewis hakuwa mtoto wa kudanganywa. Alimzidi Lee mwili na alimzidi vikombe, na bado alikwenda kujifunza.

Mkitaka kuona ninachokisema, rudieni dakika za mwanzo za Enter the Dragon, kabla hadithi haijaanza. Lee anakabiliana na Sammo Hung, kijana mnene mwepesi ajabu. Angalieni mikono yao: wamevaa glovu ndogo zilizo wazi vidoleni, zinazoruhusu kupiga na kushika pia. Angalieni mwisho wake: Hung hapigwi teke la kuruka wala haanguki akizunguka. Anatupwa chini, anakunjwa viungo palepale mpaka anakubali yaishe. Hiyo ilipigwa mwaka 1973. UFC ya kwanza ilifanyika Denver mwaka 1993. Ni sinema, ndiyo, lakini aliyeipanga alikuwa anajua pambano linakwendaje likifika chini, wakati ambapo madojo (kumbi za mazoezi) mengi duniani yalikuwa yanapiga hewa kwa mistari asubuhi hadi jioni.

Hilo ndilo linaloniuma. Tumembakiza Bruce Lee kwenye ile sauti ya "wataaa!" na kufuta pua kwa kidole gumba, tukaacha kazi yake. Yeye aliwavalisha wanafunzi glovu na vikinga kifua, akawaambia wapigane kweli ili wajue kipi kinafanya kazi. Sisi hapa bado kuna mahali mtu anapata mkanda mweusi hajawahi kupigwa ngumi ya pua.

Kuhusu kifo chake nitapita haraka. Uchunguzi wa Hong Kong ulisema ni uvimbe wa ubongo, ukauhusisha na dawa ya maumivu aliyoinywa, na alikuwa tayari ameanguka kwa tatizo kama hilo Mei mwaka huo. Mwenye hoja ya sumu, laana au ngumi ya siri alete ushahidi.

Sasa kwa nini bado anapendwa, miaka zaidi ya 50 baadaye, na vijana ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa? Kupiga vizuri peke yake hakutoshi. Marekani walimpa nafasi ya Kato kwenye The Green Hornet, dereva na msaidizi wa bwana mwenye jina, msimu mmoja wa 1966 na 1967. Akaona mlango umefungwa, akarudi Hong Kong. Mwaka 1972 kwenye filamu ya Fist of Fury yupo Shanghai, mlinzi anamzuia kuingia bustani ya nchi yake mwenyewe kwa sababu ya kibao kinachosema mbwa na Wachina marufuku. Anakirusha kile kibao juu na kukipasua hewani kwa teke. Mtu aliyekuwa kwenye kibanda umiza cha Manzese au Magomeni hakuhitaji tafsiri. Wazee wake waliwahi kuona milango ya namna hiyo hapahapa.

Na mwanafunzi wake wa kwanza kule Seattle alikuwa Jesse Glover, Mmarekani mweusi aliyetamani kung fu na kukosa wa kumfundisha. Lee alimfundisha, kisha wakaja Wazungu, akaja na Taky Kimura mwenye asili ya Japani. Kwa mtu wa miaka 18, mwaka 1959, na malezi aliyotoka nayo, huo ulikuwa ujasiri. Wanaosema alikuwa mwigizaji mtupu wanipe mwigizaji mwingine aliyefanya hivyo kabla hajawa na umaarufu wowote wa Marekani wa kuulinda.

Kwa hiyo nawauliza hasa nyie mnaofundisha, iwe karate, kung fu, ndondi au taekwondo: mpiganaji tumpime kwa mikanda na rekodi, au kwa alichowaachia wanaopigana baada yake? Na kwenye chuo chako, mwanafunzi anapigana kweli baada ya muda gani?