Kiingereza nakielewa na kuandika naandika, ila kwenye kikao mdomo unagoma. Mlitokaje hapa?

Stoo_Namba3 ameuliza:

Habari za muda huu wakuu. Naombeni msaada kwa uzito kabisa maana hili jambo limeninyima usingizi wiki nzima.

Mimi ni mtunza stoo kwenye godauni moja hapa Dar, barabara ya Pugu, nina diploma ya ununuzi na ugavi na huu mwaka wa tatu kazini. Mwezi uliopita msimamizi wetu alihamishwa mimi nikakaimishwa nafasi yake, nikienda vizuri miezi mitatu nathibitishwa. Kazi yenyewe naijua, mzigo nauhesabu, kontena likiingia usiku wa manane naamka naenda. Shida ni kikao cha Jumatatu. Meneja si Mtanzania, pale ni yai, yaani Kiingereza, mwanzo mwisho.

Sasa juzi kwenye kikao kaniuliza "You haven't finished counting the paint?" Nikajibu "Yes". Nilimaanisha ndiyo, sijamaliza. Yeye akaandika imekamilika, kikao kikaendelea. Mchana watu wa mauzo wakaja na gari wanataka ndoo 400 za rangi na mimi nilizokwisha kuhesabu ni 260 tu, mteja yupo getini anasubiri. Nikaitwa ofisini naulizwa kwa nini nilidanganya. Wakuu sikudanganya jamani, nilijibu kama ninavyojibu siku zote! Nikataka kujieleza, maneno nayajua kabisa, yakakauka mdomoni. Nilisimama pale kama dakika nzima hivi nikasema sorry nikatoka.

Nimesoma Shinyanga, msingi miaka saba kwa Kiswahili halafu kidato cha kwanza ghafla kila somo Kiingereza kasoro Kiswahili chenyewe. Shule ya kata, mwalimu akifundisha bailojia anachanganya lugha ili tuelewe, notsi tunakariri, mtihani tunajibu. Kuongea hatukuwahi kuongea, aliyejaribu alichekwa darasa zima. Sasa hivi nimelipia kozi ya jioni, wiki ya sita hii wanatufundisha tensi tu. Imebaki miezi miwili. Nianzie wapi?

DadaMapokezi:

Pole sana mdogo wangu, nimeisoma hiyo ya rangi nikashika kichwa maana yalinikuta na mimi. Niko mapokezi hotelini hapa Arusha mwaka wa tisa huu.

Sikiliza, hapo hukukosea tensi. Sisi tukisema "ndiyo" tunakubali maneno ya anayeuliza. Mtu akikuuliza hujala, unamjibu ndiyo sijala, na hakuna anayeshangaa. Mzungu "yes" yake haiangalii alivyouliza, inaangalia kitu kimefanyika au hakijafanyika. Hakijafanyika ni "no" hata aulizeje. Dawa yake usiiache yes au no ikae peke yake, imalizie: "No, I haven't finished. 140 buckets are left." Hata ukichapia hilo neno la kwanza, sentensi inayofuata inakuokoa.

Na hii iko kwenye mambo mengi, Kiswahili chetu kinaingia mule ndani kimyakimya. Saa kwa mfano. Mwaka wangu wa kwanza mgeni kauliza chai ya asubuhi ni saa ngapi nikamwambia "from one to four", kichwani mwangu ni saa moja mpaka saa nne. Mama wa watu akashuka saa saba mchana na watoto wawili wenye njaa, meza zimeshafutwa. Nililia siku ile. Kuanzia hapo kila saa inayotoka mdomoni nahesabu kwanza zile sita ndo naongea. Halafu he na she, sisi "amekuja" ni huyohuyo mwanaume au mwanamke, kwa hiyo ulimi haujazoea kuchagua, dereva mwanamke unamwita he mbele yake. Kuazima nayo, kwetu neno moja linatosha kwa anayetoa na anayepewa, kwao ni mawili, ndo maana watu wanasema "borrow me your pen". Na pole! Mgeni kajikwaa unamwambia sorry, anakushangaa maana si wewe uliyemwangusha. Siku hizi nasema "Are you okay?"

Nunua kadaftari kadogo kakae mfukoni, kila unapokwama kazini andika ulitaka kusema nini KWA KISWAHILI, jioni ndo utafute inasemwaje. Hayo ndo maneno yako wewe ya kazi yako, yale ya kozi ni ya watu wote.

Mzee wa Ripoti:

Dada kamaliza upande wa lugha, mimi niongezee upande wa kikao, nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo miaka mingi.

Kijana wetu wa Kitanzania akiambiwa atoe ripoti anaanza mbali, anasalimia, anaeleza Ijumaa mvua ilinyesha, gari likachelewa, vibarua wakapungua, namba inakuja mwishoni kabisa na hapo ameshaishiwa pumzi na Kiingereza. Kwetu huo ni ustaarabu, huwezi kumvaa mtu mzima na jambo bila kulitengenezea njia. Ila meneja wako anasubiri namba. Anza nayo. Kilichopo, kilichopungua, unachotaka kwake. Mvua aiulize mwenyewe akitaka.

Jumapili jioni andika sentensi nne tu za ripoti yako. Zisome kwa SAUTI, simama, jirekodi na simu, sikiliza, rudia. Hii haili bando hata kidogo. Mdomo ni kama mkono wa fundi, haujui kazi kwa kuangalia.

Na uwe na sentensi za kujishikiza ukikwama, zikae kichwani kama jina lako: "Let me check and come back to you before noon." Nyingine: "Do you mean the paint that came on Friday?" Ya pili hiyo ingekuokoa juzi. Kikao kikiisha tuma barua pepe ya mistari mitatu ya mliyokubaliana, kuandika si umesema unaandika? Basi tumia mkono wako wenye nguvu, asubuhi ile angeona kwa maandishi kwamba ndoo 140 bado.

Mlinzi wa Lugha:

Mnamshauri vizuri lakini mimi inaniuma. Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, tangu 2019, tarehe 7 Julai UNESCO wameitangaza siku yake duniani, mahakamani kwetu sheria imebadilishwa 2021 Kiswahili kitumike. Halafu mtu anayeijua stoo nje ndani anataka kunyimwa cheo nchini kwake kwa neno moja la yes! Huyo meneja naye ajifunze, yuko Pugu Road sio London.

Mzee wa Ripoti:

@Mlinzi wa Lugha hoja yako nakubaliana nayo na natamani siku hiyo ifike. Ila Jumatatu yake inafika kabla.

Bin Kisauni:

Salamu kutoka Mombasa. Ndugu yangu, huku kwetu Kiingereza twaanza nacho mapema shuleni na bado watu hukwama, kwa hivyo usidhani ni Shinyanga ndiyo iliyokukosesha.

Mimi nafanya kazi ya kupokea mizigo, nikwambie moja tu la watu wa stoo: namba. Fifteen na fifty, thirteen na thirty, kwa simu na forklift yanguruma nyuma yako hazitambulikani kabisa. Sisi hutamka namba kisha twataja tarakimu: "fifteen, one five." Hakuna atakayekucheka, marubani hutaja tarakimu mojamoja vivyo hivyo. Na lafudhi usiisumbukie. Sema polepole, malizia maneno, basi. Ukitaka cha kusikiliza, BBC Learning English wana vipindi vya dakika sita na maandishi yake yapo, sikiliza mara ya kwanza bila kusoma, ya pili ukisoma, ya tatu sema pamoja nao.

Stoo_Namba3:

Wakuu narudi na mrejesho, leo wiki ya tatu. Kwanza nilimfuata meneja nikiwa nimeandika kwenye karatasi nikamweleza ile yes yangu ilikuwa na maana gani kwa Kiswahili. Alikaa kimya akaniuliza mara mbili kama kweli ndivyo tunavyojibu, halafu akamwita mhasibu naye akathibitisha. Akaniomba radhi kwa lile neno la kudanganya. Sikutegemea.

Jumatatu hii kauliza "So the second container hasn't arrived?" Nikavuta pumzi. "No, it hasn't. It is still at the port. We have one one two cartons left, enough until Thursday." Akaandika, akahamia kwa mwingine. Nilikuwa najikaza mikono isitetemeke chini ya meza lakini nimesema yote. Daftari lina kurasa kumi na moja sasa. @DadaMapokezi simu bado zinanitoa jasho, pale huoni mdomo wa mtu. Unafanyaje?

DadaMapokezi:

Hongera sana mdogo wangu, umenifurahisha mno! Simu: kabla hujapokea shika kalamu, akitaja jina, namba au saa mrudishie hapohapo, "So that is Thursday, eight in the morning, correct?" Usikate mpaka aseme correct. Na hiyo eight umeshahesabu ni saa mbili yetu.