Miaka miwili ya babu: niandike upi?

Swali: Jambo, wakubwa. Shangazi anasema babu alizaliwa 1938, kadi ya ubatizo inasema 1941. Niandike upi kwenye mti wa ukoo?

Jibu: Yote miwili. “1941, kadi ya ubatizo”, “1938?, shangazi, kwa mdomo”, na siku uliyomwuliza. Alama ya kuuliza ikae kwenye mwaka, si kwenye jina, ama watasema babu mwenyewe ni wa mashaka! Kwenye daftari, tumia kreyo (penseli).

Jibu: Hakikisha 1941 si mwaka wa ubatizo wenyewe, hapo ndipo wengi wanateleza. Tena, kama alibatizwa Lubumbashi, kule Kongo, mji huo uliitwa Élisabethville hadi 1966. Kadi ikiandika “Lubumbashi”, huenda ni nakala ya baadaye. Iandike “nakala?”.

Muulizaji: Aksanti. Kweli, imeandikwa Lubumbashi.