Zawadi ya Krismasi: viungo vya kuchemsha, udi wa kupika au vifuko vya kabatini?

mama_kijani
Habari za jioni wadau. Mwaka huu sitaki kununua seti za glasi wala maboksi ya biskuti. Nataka zawadi za Krismasi zitoke mikononi mwangu, na ziwe za kunukisha nyumba. Nimefikiria njia tatu. Ya kwanza ni chupa ya kioo yenye viungo vikavu (mdalasini, karafuu, iliki, maganda ya chungwa). Mtu anavimimina kwenye sufuria ya maji na kuviacha vichemke kwa moto mdogo mpaka nyumba inukie. Ya pili ni udi wa kupika na sukari. Ya tatu ni vifuko vya kitambaa vyenye viungo, vya kuweka kabatini kwenye nguo. Ninyi mngefurahi kupokea kipi? Chupa nimeshaanza kukusanya, viungo bado.

Mzee wa Darajani
Karibu mleta mada, ila swali lako halijibiki lilivyo. Unawapa watu wangapi? Wako wapi? Wanapikia gesi, mkaa au kuni? Zawadi zitasafiri au unazigawa mtaani kwa miguu? Bajeti je? Jaza hayo kwanza ndipo tushauriane.

shungi_la_Tanga
Mimi sihitaji maelezo, jibu ni udi. Sukari unaipika na maji kidogo mpaka inate, unatia udi uliotwangwa, unakoroga bila kuacha mkono. Marashi na miski unatia baada ya kuepua, maana moto ukivikuta unakula harufu yote. Ukipoa unaukata vipande, unaufungia kwenye chombo kisichopitisha hewa, unauvundika. Kadiri unavyokaa ndivyo unavyokolea. Kipande kimoja kwenye chetezo kinanukisha vyumba vyote, na mgeni anaondoka na harufu kwenye nguo. Maji ya mdalasini ukizima jiko tu, harufu nayo imekwenda. Hiyo si zawadi, dada yangu.

Msambaa_Mwl
Naomba kutofautiana na dada wa Tanga. Udi ni moshi. Si kila nyumba inaupokea moshi, na nyumba nyingi za mjini siku hizi madirisha ni madogo. Viungo vya kuchemsha vinatoa mvuke tu. Halafu vyote tunavyo hapa hapa: iliki ya Amani, machungwa ya Muheza, tangawizi ya Same, karafuu ya Pemba. Mtu anafungua chupa moja anakutana na nusu ya nchi.

Nuru wa Kibaha
Naomba nieleze yaliyonikuta ili mleta mada asipite njia hiyo.

Mwaka jana nilinunua chupa za aina hii zikiwa tayari, kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Kwa macho zilikuwa nzuri sana: vipande vya chungwa vya mviringo vimebandikwa kuzunguka kioo, mdalasini umesimama katikati, utepe mwekundu shingoni. Nikawapelekea mawifi zangu wawili na mama mkwe. Mwaka Mpya haujafika, wifi mkubwa ananipigia: "Hii kitu yako imeota manyoya." Ukungu wa kijivu ulikuwa umetapakaa kwenye machungwa yote. Ukiangalia, vipande vilikatwa vinene na kuanikwa juani wakati mvua za vuli hazijakatika. Nje vilikuwa vikavu, ndani ya nyama bado kuna maji. Ukishavifungia kwenye chupa, ukungu lazima.

Chupa ya wifi wa pili haikuota, akachemsha, hakuna harufu. Akaniletea karafuu zilizobaki, nikazitia kwenye glasi ya maji, zote zikaelea zimelala ubavu. Karafuu yenye mafuta yake huzama, au husimama wima kichwa kikiwa juu. Ikilala juu ya maji, basi imeshakamuliwa mafuta au imezeeka mno. Tuliuziwa makapi.

Ya mama mkwe ndiyo iliyoniumiza kuliko zote. Chupa haikuwa na lebo. Yeye akaona mdalasini, iliki na tangawizi, akajua ni viungo vya chai, akawapikia wageni waliotoka kanisani. Kumbe muuzaji alikuwa amenyunyizia manukato ya dukani juu ya viungo. Waliokunywa walilalamika koo na tumbo, chai yote ikamwagwa, na sisi tulikaa na hofu mpaka jioni. Nilimwandikia muuzaji, akasoma, akanyamaza kimya.

Kwa hiyo mleta mada, ukitengeneza, tia viungo halisi tu ambavyo hata mtu akivinywa havimdhuru, na bado andika lebo kubwa: VIUNGO VYA KUNUKISHA NYUMBA, SI VYA CHAI.

Mzee wa Darajani
Nuru, pole sana. Kuhusu karafuu umesema kweli tupu. Nami naongeza: chagua yenye kichwa, ibonyeze kwa ukucha, uone inatoa mafuta. Na kwa kazi ya kuchemsha si lazima karafuu safi. Makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yanatosha. Yale ndiyo yanayokamuliwa mafuta viwandani, harufu yake mtu haamini, na bei yake ni ya chini mno. Changanya makonyo kwa wingi na karafuu chache za kupendezesha macho.

Msambaa_Mwl
Machungwa msikate vipande, tumieni maganda. Ganda la chenza au chungwa lililomenywa jembamba linakauka vizuri hata juu ya friji, na harufu iko kwenye ganda, haiko kwenye nyama. Anayetaka vile vya mviringo kwa ajili ya urembo, akate unene wa nusu sentimita, aweke oveni ya nyuzi 100 saa tatu hadi nne huku akigeuza. Kikivunjika kama biskuti, kiko tayari. Kikipinda, kirudi ndani.

mama_kijani
Asanteni sana, nimejifunza mengi. Nuru pole mno. Majibu: watu ni 12. Majirani saba hapa Tabata, wote wanatumia gesi. Watano ni ukweni Machame, huko wana gesi lakini kuni ndizo zinazopika kila siku. Naondoka kwa basi tarehe 20. Bajeti ni 80,000 kwa vyote. Halafu mama mkwe wangu ana pumu.

Mzee wa Darajani
Mama_kijani! Pumu ndiyo ilipaswa kuwa sentensi ya kwanza.

Msambaa_Mwl
Basi udi umeshatoka kwa upande wa Machame. Hakuna mjadala.

shungi_la_Tanga
Kwa mama mkwe sawa, naheshimu afya yake. Kwa majirani saba wa Tabata udi unabaki palepale. Na hata viungo vya kuchemsha mwenye pumu anaweza kubanwa navyo, harufu kali ni harufu kali. Mwulizeni mgonjwa mwenyewe anavumilia nini kabla ya kumbebea zawadi.

mkulima_wa_mjini
Mimi nina hoja ya gesi. Mtu anapikia mtungi wa kilo sita, unampa zawadi ya kumfanya awashe jiko saa mbili ili achemshe maji asiyokunywa? Huo ni mzigo. Vifuko vya kabatini havili gesi. Karafuu, majani ya mchaichai na ganda la mdalasini kwenye kifuko cha pamba, nguo zinanukia na nondo hawapendi. Vikipoteza harufu unavifikicha tu, vinaamka.

Nuru wa Kibaha
Si lazima jiko liwake muda wote. Vikishachemka punguza moto mpaka mwisho, robo saa inatosha, kisha zima na uache wazi. Jioni unapasha tena. Maji hayo hayo na viungo hivyo hivyo vinakwenda siku mbili hadi tatu ukivitia kwenye friji usiku. Wenye mkaa waweke sufuria kwenye makaa yanayobaki baada ya kupika. Kule Machame sufuria ikae pembeni ya mafiga, moto upo bure.

mkulima_wa_mjini
Na sufuria ikikauka? Jirani yangu aliunguza sufuria kwa mtindo huo huo, alikwenda dukani akasahau. Kwenye lebo muandike pia: usiondoke, ongeza maji.

Abu Muttrah
Salamu kutoka Muscat. Huku nyumba nyingi zinafukiza lubani ya Dhofar, na wengine huiloweka kwenye maji usiku kucha. Mleta mada akipata ubani mzuri kwa wauza dawa za asili, tembe chache kwenye kifuko zinapendeza. Ila ubani nao ni moshi, kwa hiyo mama mkwe abaki na viungo vyake.

Bibi Minnesota
Nawasalimu kutoka Marekani. Huku Desemba hiyo sufuria ya viungo ndiyo desturi hasa: machungwa, kranberi, mdalasini, karafuu, tawi la rosemari. Inasaidia pia kwa sababu joto la ndani wakati wa baridi linakausha hewa mpaka midomo inapasuka. Mimi naweka vya mbichi kwenye mfuko, nampa mtu siku hiyo hiyo, anaviweka friji na kuvitumia ndani ya wiki moja. Kwa majirani wa mtaani mama_kijani anaweza kufanya hivyo, aondokane na kazi ya kukausha. Vikavu awe navyo vya safari tu.

Mzee wa Darajani
Hilo la mbichi kwa majirani ni zuri. Na mdalasini nunueni ule mwembamba wenye matabaka mengi, unaovunjika kirahisi kwa vidole. Yale magamba manene magumu yanayojikunja mara moja ni kasia, ndugu yake mdalasini.

Msambaa_Mwl
Mzee, kwa kuchemsha kasia ni bora. Harufu yake ni kali zaidi, na haipotei haraka. Ule mwembamba ni wa kula.

Mzee wa Darajani
Harufu kali si harufu nzuri. Mwembamba una utamu, hauchomi pua. Na hapa tunazungumzia mgonjwa wa pumu.

Msambaa_Mwl
Kwa 80,000 na watu 12, kila mtu hapati hata 7,000, na humo kuna utepe na lebo. Mdalasini mwembamba utamaliza pesa kabla hajafika kwenye iliki.

kahawa_ya_Bukoba
Mbona hakuna aliyetaja vanila? Kagera tunayo. Kiganda kimoja kilichopasuliwa kinabadilisha sufuria nzima.

mkulima_wa_mjini
Mkuu, soma bajeti.

kahawa_ya_Bukoba
Nimesoma. Viganda vilivyokwisha kutumika jikoni bado vina harufu. Avikusanye kwa waoka keki, wengi wanavitupa.

mama_kijani
Sasa mmenichanganya, ila kwa wema. Ninavyoona sasa, majirani labda mbichi, au udi kwa wale ninaojua wanapenda. Machame naelekea vikavu, makonyo na maganda, na mama mkwe nitampigia kwanza niulize. Vifuko bado navitamani kwa sababu ya basi, chupa tano za kioo kwenye mizigo ya Desemba zinanipa wasiwasi.

shungi_la_Tanga
Kama udi umo, anza wiki hii. Ukiupika tarehe 18 utawapa sukari inayonuka moshi, haujavundika.

Nuru wa Kibaha
Chupa zifunge kwenye vitenge, kila moja na chake. Kitenge nacho kinakuwa zawadi.

mkulima_wa_mjini
Kitenge kwa bajeti ipi tena?

Nuru wa Kibaha
Vipande vya kwa fundi cherehani. Wengine wanakupa bure.

Dada wa Mbagala
Samahani naingia pembeni: mama_kijani, hizo chupa unazikusanya wapi? Nami nazitafuta kwa ajili ya achari.

mama_kijani
Kwa wanaonunua na kuuza chupa tupu, dada. Za jemu na asali, mfuniko uwe haujashika kutu. Zichemshe kwanza, uzikaushe kabisa. Na mtu anijulishe makonyo kwa Dar yanapatikana sokoni gani, Mzee wa Darajani hajasema.

Mzee wa Darajani
Kwa Dar sijui, huku kwetu tunayapata kwa wakulima wenyewe. Jumamosi kuna kijana wetu anavuka na boti. Nitumie ujumbe wa faragha, useme unataka kilo ngapi.