Gobore la mitutu miwili .58 au .45-70 ya kukunja? Nisaidieni kuchagua

Kijana_wa_Masindi
Shikamooni wakubwa. Kuna mtu anauza bunduki mbili, nami nataka kuchukua moja kabla mwezi haujaisha. Ya kwanza ni Kodiak ya kampuni ya Pedersoli, .58 (yaani tundu la mtutu ni inchi 0.58), mitutu miwili, ya kushindilia kwa mdeki na kufyatua kwa fataki. Ya pili nayo ni Kodiak, ila ni .45-70, unaikunja na kutia risasi za maganda. Zote hali nzuri. Ipi bora? Pesa si tatizo.

AfandeMstaafu
Marahaba. Bora kwa kazi gani? Mnyama gani, wapi, kwa kibali cha nani? Na huyo muuzaji, karatasi za bunduki zina jina lake au la marehemu? Usitoe hata shilingi kabla hujaenda polisi kuuliza habari za cheti. Kuwinda bila kibali cha UWA, mamlaka ya wanyamapori Uganda, ndiyo kabisa, Sheria ya Wanyamapori ya 2019 haina mzaha.

Fundi_Arua
Afande kamaliza ya sheria, mimi niseme ya chuma. Chukua .45-70. Ilianza na greni 70 za baruti nyeusi, kama gramu 4.5 hivi, jeshi la Marekani likaipokea 1873. Siku hizi inajazwa baruti isiyo na moshi. Mvua ikinyesha risasi yako iko salama ndani ya ganda. Huyo wa gobore atakuwa bado anapangusa fataki.

HajatiBombo
Fundi, kila anayeuliza bunduki wewe unamtajia ya maganda! Gobore ni raha, kijana, ila lina adabu yake. Ukishafyatua mtutu mmoja, toa fataki ya mtutu wa pili KABLA hujashika mdeki kushindilia ule uliotoka, maana mkono wako utakuwa juu ya mdomo wa bunduki. Halafu pima kwa mdeki kama risasi ya mtutu ambao haujalia bado imekalia baruti. Teke la mtutu wa kwanza huweza kuisogeza mbele, na ukiacha nafasi hapo katikati mtutu unaweza kupasuka. Mdeki utie alama mbili, ya mtutu mtupu na ya mtutu uliojaa, usije ukashindilia mara mbili shimo moja. Jioni ni maji moto na sabuni, hata kama umechoka. Masizi ya baruti nyeusi yanavuta unyevu, utaamka ukute kutu.

Msakanyayo
Hajati kasema yote isipokuwa moja: baruti utaitoa wapi? Niliwahi kufuatilia nyayo kwa kampuni fulani, jina naliacha. Akaja mzee Mjerumani na gobore la .58 kama hilo, kitu safi, kitako cha mjozi. Baruti na fataki havipandi ndege, kwa hiyo kampuni ilimwahidi itamtafutia hapa. Wakamletea baruti ya chembe nene mno, si ile aliyoizoea kwao. Mzee akaomba kwanza apige shabaha kwenye ubao. Meneja akasema gari limeshawashwa.

Tukamkuta kobu dume, yule swala, kando ya mto Kafu, kama hatua 60. Mzee akafyatua wa kulia. Hakukuwa na upepo, moshi ukasimama palepale, hata mimi niliyekuwa pembeni sikuona pembe wala mkia. Akafyatua wa kushoto humohumo. Ya kwanza ilimpata kobu tumboni, ya pili tuliikuta kwenye kichuguu. Tulifuata damu mpaka giza. Kesho yake tulipomfikia, tai walishatangulia. Ndipo meneja akakubali ubao uwekwe: akalenga doa moja, mtutu wa kulia ukapiga kulia, wa kushoto kushoto, matundu yameachana zaidi ya shibiri. Mzee alilipia mnyama wote na bado akaambiwa macho yake ndiyo mabovu. Mnyama wa nembo ya taifa, jamani.

Fundi_Arua
Macho hayakuwa na kosa. Mitutu miwili haikai sambamba, imeinamishwa kidogo ikutane mbele, kwa sababu kila mmoja ukilia unasukuma bunduki upande wake. Risasi ikienda polepole inakawia ndani, bunduki inageuka zaidi, shabaha zinaachana. Ikienda kasi kupita kiasi, zinapishana. Kubadili baruti ni kuharibu mapatano hayo. Ndiyo maana nasema .45-70.

Msakanyayo
Hata .45-70 ya mitutu miwili ukibadilisha risasi itaachana vilevile, Fundi. Usimdanganye mtoto.

Babu_Hoima
Yule mpelelezi Mwingereza, Samuel Baker, alipita huku 1864 na za mitutu miwili, za kushindilia. Ile ndogo iliyoundwa na fundi Fletcher, namba 24, ndiyo .58 ya leo: risasi 24 za mviringo kwa ratili moja ya madini ya risasi. Omukama Kamurasi, mfalme wa Bunyoro, aliiomba, akaiomba tena, akanyimwa.

AfandeMstaafu
Huyohuyo Baker alikuwa na nyingine aliyoiita Mtoto, ya risasi ya nusu ratili, kila akiifyatua inamzungusha. Ukubwa si hoja. Bell, yule mwindaji wa zamani, kule Karamoja aliangusha ndovu kwa .275 Rigby, risasi nyembamba.

Msakanyayo
Bell alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi. Wewe afande umepasua nini?

AfandeMstaafu
Nimefundisha vijana kulenga kabla wewe hujazaliwa.

HajatiBombo
Nyie wawili fungueni uzi wenu. Kijana yuko wapi? Hajajibu hata swali moja.

Kijana_wa_Masindi
Nipo Hajati, mtandao ulikata. Cheti nafuatilia. Kuwinda bado, kwanza nataka kupiga ubao tu. Ila muuzaji kanipigia, .45-70 imeshachukuliwa. Anasema ana Kodiak nyingine ya fataki, .72. Hiyo vipi?

Fundi_Arua
Hiyo ni risasi kama 12 kwa ratili. Bega lako likoje?

Babu_Hoima
Chukua .72. Kamurasi angefurahi.